Maswali ya Wasomaji: Ugonjwa Mmoja, Siku za Kulazwa Tofauti

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wanaofanya kazi wodini, na chache kwa ndugu wa wagonjwa. Karibu zote zinauliza jambo moja kutoka pande tofauti: kwa nini watu wawili wenye ugonjwa ule ule hukaa hospitalini siku zisizolingana, na nani anaweza kulirekebisha hilo. Tumezifupisha na kuondoa majina ya watu na ya hospitali. Saa zote ni za Kiswahili.

Habari za kazi. Naongoza wodi ya wazazi katika hospitali ya mkoa. Mama akijifungua kwa upasuaji bila tatizo lolote, wa daktari mmoja huondoka siku ya tatu, wa daktari mwingine siku ya sita. Mganga mfawidhi ameniagiza nipunguze siku za kulazwa. Nianzie wapi?
*Muuguzi kiongozi, Morogoro*

Dada yetu, usianze na madaktari, anza na mafaili. Chukua mafaili 30 ya karibuni ya akina mama waliopasuliwa na kuondoka salama. Waweke kando wenye kifafa cha mimba, waliotokwa damu nyingi, na wale ambao mtoto alibaki wodi ya wachanga, maana hao siku zao zina sababu zake. Kwa kila faili andika kwenye mstari mmoja: saa aliyotoka chumba cha upasuaji, saa mpira wa mkojo ulipotolewa, saa alipokula mara ya kwanza, saa aliposhuka kitandani na kutembea, dozi ya mwisho ya antibiotiki ya sindano, saa ruhusa ilipoandikwa, na saa kitanda kilipobaki kitupu. Faili lisilo na saa liache na pengo lake, usikisie.

Ukimaliza, panga mistari kuanzia aliyekaa siku chache hadi aliyekaa nyingi, kisha soma safu moja moja kwenda chini. Safu ya antibiotiki ndiyo ya kutazama kwanza. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni antibiotiki ya kinga itolewe kabla ngozi haijachanjwa, na isiendelezwe baada ya upasuaji kwa lengo la kukinga tu. Daktari anayeandika seftriaksoni na metronidazo za mshipani kwa siku 5 amemfunga mama kitandani siku 5, hata kama mama mwenyewe anatembea na kidonda kikavu. Hawezi kwenda nyumbani na kanula, kile kimpira cha mshipani, mkononi. Mama aliyepasuka chupa muda mrefu, mwenye homa au majimaji yenye harufu ni suala jingine kabisa: huyo anatibiwa maambukizi, na apewe dozi kamili.

Safu ya pili ni ya chakula. Wapo bado wanaomwambia mama asile mpaka atoe hewa. Angalia mnyororo unaofuata: kwa kuwa mama hali chakula, dripu inaendelea, kwa kuwa dripu inaendelea, mpira wa mkojo unaachwa, kwa kuwa ana mpira na dripu, hashuki kitandani, na kwa kuwa hatembei, hewa yenyewe inachelewa. Mama asiye na tatizo, aliyepasuliwa kwa ganzi ya mgongo, anaweza kuanza kunywa na kula ndani ya saa chache akijisikia, bila kungoja sauti ya utumbo. Agizo hilo moja likibadilika, safu tatu hubadilika pamoja.

Baada ya hapo ndipo uwaite madaktari, na uwaletee karatasi hiyo. Kubalianeni ukurasa mmoja tu unaobandikwa ndani ya faili: lini ale, lini mpira utoke, lini atembee, dawa ya maumivu ni ipi na kila baada ya saa ngapi, na vigezo vya kumruhusu. Vigezo viwe vya kuonekana: hana homa kwa saa 24, presha imetulia, damu inayotoka ni kidogo, amekojoa mwenyewe baada ya mpira kutolewa, anakula, anatembea hadi chooni, kidonda hakivuji, mtoto ananyonya vizuri. Hospitali zilizoingia kwenye mpango wa 5S, ule wa kupanga na kusafisha mahali pa kazi kwa hatua tano, zina neno la hatua hii, sanifisha, lakini nyingi huishia kusanifisha makabati na vibandiko vya ndoo za taka, na agizo la antibiotiki linabaki la kila mtu na lake.

Tahadhari moja. Wodi ikifurika, tofauti hugeukia upande wa pili: waliojifungua kwa njia ya kawaida huondoshwa baada ya saa 6 au 8 ili kitanda kipatikane. Shirika la Afya Duniani linataka mama na mtoto wakae angalau saa 24 baada ya kujifungua salama. Ukimpunguzia mama wa upasuaji siku mbili zisizo na kazi, unapata nafasi ya huyu mwingine kutimiza saa zake. Kwa hiyo wapime wote wawili, wanaokaa mno na wanaotoka mapema mno.

Kila kikao cha mwezi tunaonyeshwa wastani wa siku za kulazwa kwa kila wodi. Wodi iliyopanda inatakiwa kujieleza kwa maandishi, iliyoshuka inapigiwa makofi. Mwezi unaofuata wanabadilishana. Kuna njia bora zaidi?
*Ofisa takwimu, Kigoma*

Ipo, na haihitaji zaidi ya kalamu na kikokotoo. Namba mbili zinazofuatana karibu kila mara hutofautiana hata kama hakuna kilichobadilika wodini. Ukimdai mtu maelezo ya kila mpando unamfundisha kubuni sababu, na sababu za kubuni hazina mwisho: mvua, maabara kuishiwa vitendanishi, sikukuu.

Chati inayotenganisha mtikisiko wa kawaida na jambo geni ilichorwa na Walter Shewhart huko Marekani mwaka 1924, kwa ajili ya kiwanda cha vifaa vya simu. Tuifanye kwa namba za mfano. Chukulia wastani wa siku za kulazwa wa mama wa upasuaji kwa wiki 10 ni huu: 4.2, 3.8, 4.5, 4.0, 4.6, 3.9, 4.3, 4.1, 4.4, 4.2. Jumla ni 42, wastani ni 4.2. Sasa tafuta tofauti ya kila wiki na inayofuata, bila kujali ipi kubwa: 0.4, 0.7, 0.5, 0.6, 0.7, 0.4, 0.2, 0.3, 0.2. Jumla ni 4.0, ukigawa kwa 9 unapata 0.44. Zidisha kwa 2.66, namba isiyobadilika kwa chati ya aina hii, upate 1.18. Ongeza kwenye wastani: mpaka wa juu ni 5.4. Toa: mpaka wa chini ni 3.0.

Wiki ijayo ikileta 4.9, nyamazeni. Ikileta 5.8, fungueni mafaili ya wiki hiyo wakati watu bado wanakumbuka. Ishara nyingine ni pointi 8 mfululizo upande mmoja wa mstari wa wastani, hata kama hazijavuka mpaka. Hapo mwenendo umehama. Na ikiwa pointi zote zimo ndani ya mipaka lakini hamridhiki na siku 4.2, msitafute wiki mbaya wala mtu mbaya. Utaratibu wenyewe ndio unaozaa 4.2, na utaendelea kuzaa 4.2 mpaka ubadilishwe.

Makosa yanayoharibu chati hii tunayajua. La kwanza ni kukokotoa mipaka upya kila mwezi, hivyo mabadiliko ya kweli yanamezwa. Mipaka ibaki ile ile mpaka mfanye badiliko linalojulikana na lishike. La pili ni kuchanganya wagonjwa wa aina tofauti kwenye chati moja. La tatu ni wiki zenye wagonjwa wawili au watatu, ambazo huruka sana. Hapo tumieni wiki mbili mbili au mwezi. La nne ndilo linaloumiza zaidi: saa zisizo za kweli. Mfumo wa kompyuta, uwe GoT-HoMIS au mwingine, hurekodi saa ambayo mtu aliingiza taarifa. Ruhusa zikifungwa zote kwa pamoja jioni, mfumo utakuambia wagonjwa wote wa siku hiyo walitoka jioni. Amueni pia mnahesabuje siku. Anayehesabu wagonjwa waliomo wodini saa 6 usiku atampa siku moja mtu aliyeingia saa 5 usiku na kutoka saa 2 asubuhi. Anayejumlisha siku ya kuingia na ya kutoka atampa mbili.

Wastani wa wodi yetu ya upasuaji wanaume ni siku 8, lakini nikitembea wodini naona wengi wanaondoka baada ya siku 3 au 4. Nani anadanganya?
*Tabibu, Kahama*

Wastani. Chukua wagonjwa tisa waliokaa siku 2, 3, 3, 3, 4, 4, 5, 6 na 42. Jumla ni 72, wastani 8, na hakuna hata mmoja aliyekaa siku 8 wala karibu na hapo. Namba ya katikati ni 4. Huyo wa siku 42 ni mvunjiko wa paja aliyewekewa uzito wa kuvuta mguu kwa wiki 6. Katika ripoti andika namba ya katikati, kisha orodhesha peke yao wote waliozidi siku 14, kitanda kwa kitanda, na mbele ya kila mmoja: anasubiri nini?

Wagonjwa wachache wa namna hiyo hula sehemu kubwa ya siku-vitanda za wodi. Kwa paja, jibu mara nyingi ni chuma cha ndani ya mfupa. Shirika la SIGN la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1999, lilibuni chuma kinachoweza kufungwa bila mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji, na kinatumika Tanzania pia. Anayefungwa chuma huanza kutembea na magongo ndani ya siku chache. Basi ukiulizwa upunguze siku za wodi yako, swali lako la kwanza ni njia ya rufaa ya mapaja iko wazi kiasi gani. Ngiri zinazolala siku 3 badala ya 2 zije baadaye.

Uongozi wetu unaomba fedha za kuongeza vitanda 10 wodi ya ndani kwa sababu wagonjwa wanalala wawili wawili. Ni suluhisho?
*Muuguzi, Tabora*

Huenda, lakini piga hesabu kwanza. Idadi ya wagonjwa waliomo wodini kwa wastani ni wanaoingia kwa siku mara siku wanazokaa. Wakiingia 6 kwa siku na kukaa siku 5, daima mtakuwa na kama 30. Mkiwa na vitanda 28, wawili wako chini hata siku ya kawaida, acha siku mbaya. Punguza nusu siku tu kwa kila mgonjwa, yaani saa 12, na 30 wanakuwa 27. Punguza siku nzima na wanakuwa 24.

Lengo lisiwe kujaza vitanda vyote. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba matumizi ya vitanda yakizidi asilimia 85 kwa wastani, hatari ya kukosa kitanda cha mgonjwa wa dharura huanza kuonekana, kwa sababu wanaoingia hawaji kwa mpangilio. Vitanda 28 kwa kipimo hicho vinabeba kama wagonjwa 24. Nusu ya kazi hiyo inawezekana bila kununua godoro.

Baba yetu aliambiwa saa 4 asubuhi kwamba ameruhusiwa. Tulitoka saa 12 jioni, na mgonjwa wa jirani alilala hadi kesho yake kwa sababu basi la kwao lilikuwa limeondoka. Siku nzima inakwenda wapi?
*Msomaji, Dodoma*

Pole kwa kuuguza. Siku inakwenda kwenye kungoja. Daktari akitamka ruhusa, faili lako huwekwa juu ya meza pamoja na mengine, kwa sababu raundi haijaisha. Raundi ikiisha saa 6 mchana, daktari aliye kwenye mafunzo kwa vitendo ndiye anayeketi kuandika fomu za wote kwa mpigo. Mhudumu naye hasogei mpaka mafaili yawe rundo, ndipo ayapeleke kwenye malipo. Dirisha la bima linagundua sahihi moja haipo, na mwenye sahihi ameshaingia chumba cha upasuaji. Dawa za nyumbani zinatafutwa saa 9 alasiri. Mwishoni mtu anakumbuka kanula. Kazi yenyewe ukiijumlisha ni fupi. Faili ndilo lililolala mezani.

Wenye wodi wakisoma hapa, yapo manne ya kubadili, na hakuna linalohitaji fedha. Kwanza, saa 9 alasiri ya siku iliyotangulia, muuguzi na daktari wataje wanaotarajiwa kutoka kesho na fomu zao ziandikwe siku hiyo hiyo, zikibakiza sahihi. Pili, kipimo kinachongojwa ili mtu aondoke kichukuliwe na zamu ya usiku saa 11 alfajiri, kifike maabara kabla ya saa 1. Damu inayochukuliwa baada ya raundi hurudisha majibu wakati daktari hayupo. Anayasoma kesho, na kipimo cha dakika chache kimegharimu usiku mzima. Tatu, raundi ianze kwa walio mahututi, ifuate kwa wanaotoka, ndipo wengine. Kuanza kitanda namba 1 hadi 28 kwa sababu ndivyo vilivyopangwa ni kumfanya wa kitanda cha 27 angoje bila sababu. Nne, faili liende malipo moja moja. Hospitali za Uingereza zinazofuata mpango unaofanana na huu hujiwekea lengo la theluthi ya wanaotoka wawe wameondoka kabla ya saa 6 mchana.

Ijumaa ina tabia yake. Mgonjwa ambaye angekuwa tayari Jumamosi huachwa hadi Jumatatu kwa sababu daktari wa zamu hamfahamu na hataki kubeba lawama. Daktari wake aandike Ijumaa masharti kamili, kwa mfano: "Homa isiporudi hadi Jumamosi saa 3 asubuhi na akiwa anakula, aruhusiwe na muuguzi wa zamu, homa ikizidi 38, niitwe." Kwa masharti ya namna hiyo muuguzi ana mamlaka ya kufanya kazi.

Nanyi ndugu, ulizeni siku ya kwanza au ya pili: mnatarajia atoke lini, na nini lazima kitokee kwanza? Leteni nguo na kadi ya bima kabla ya siku yenyewe. Kabla ya kuondoka hakikisheni kanula imetolewa, karatasi ya ruhusa ipo, dawa zimeelezwa moja moja, tarehe ya kliniki imeandikwa, na mmeambiwa dalili za kuwarudisha haraka.

Dada yangu amepona lakini hospitali inasema hatoki mpaka bili iishe. Je, siku hizo zinahesabiwa kuwa za matibabu?
*Msomaji, Mombasa*

Katika takwimu nyingi zinahesabiwa, na hilo ni kosa: zinafanya wodi ionekane inatibu polepole. Ziandikwe safu ya peke yake, siku baada ya kuruhusiwa. Kisheria, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua mwaka 2015, katika kesi ya wanawake wawili waliozuiwa hospitali ya uzazi kwa kushindwa kulipa, kwamba kuwazuia kulikiuka haki zao. Nenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali leo, omba bili iliyochanganuliwa kwa maandishi, na omba makubaliano ya kulipa kwa awamu. Hospitali nazo zina la kujifunza: bili inayoonyeshwa kila baada ya siku mbili, na ustawi wa jamii kuitwa siku ya kulazwa, huzuia mshtuko wa siku ya mwisho.

Watoto wenye malaria kali kwetu hukaa kati ya siku 2 na 6. Dawa ni ile ile. Tatizo ni nini?
*Tabibu, Geita*

Dawa ni ile ile, saa sizo. Artesuneti hutolewa saa ya kwanza (sifuri), ya 12 na ya 24, kisha mara moja kwa siku mpaka mtoto aweze kumeza. Kwa uchache ni dozi tatu, ndipo aanze dozi kamili ya dawa mseto ya siku 3, ambayo anaweza kuimalizia nyumbani. Mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kilo, mwenye kilo 20 au zaidi 2.4. Wa kilo 15 anahitaji miligramu 45: kichupa cha miligramu 60 kikiyeyushwa kwa mililita 1 ya bikaboneti na kuongezwa mililita 5 za maji ya chumvi kwa ajili ya mshipa, kila mililita inabeba miligramu 10, basi anapata mililita 4.5.

Sasa tazama chati zenu. Mtoto aliyechomwa sindano ya kwanza saa 3 usiku anastahili ya pili saa 3 asubuhi na ya tatu saa 3 usiku. Iliyoandikwa "mara mbili kwa siku" itaangukia saa za kugawa dawa za wodi, na ya tatu itasogea hadi asubuhi ya pili. Andikeni saa halisi na tarehe kwenye chati wakati wa dozi ya kwanza, zote tatu. Sababu ya pili ni mazoea ya enzi za kwinini ya dripu: sindano zinaendelezwa siku ya 4 na ya 5 kwa mtoto anayekula ugali, kwa sababu hakuna aliyeandika "akimeza, badilisha". Muuguzi amjaribu kwa maji na uji kila zamu baada ya dozi ya tatu, na aandike matokeo.

Usikimbize kila mtoto, hata hivyo. Aliyeongezewa damu, aliyepata degedege au ambaye bado anapumua kwa shida abaki. Na mlezi aambiwe arudi kupimwa damu kliniki, maana baada ya artesuneti upungufu wa damu huweza kujitokeza wiki moja au zaidi tangu matibabu yaanze. Ripoti yenu iwe na safu ya waliorudi ndani ya siku 7. Siku za kulazwa zikishuka na hiyo ikapanda, mmehamishia ugonjwa nyumbani.

Wodi yetu hufurika Jumatano hadi Ijumaa, Jumapili iko nusu tupu. Tunaambiwa ni dharura hazitabiriki.
*Muuguzi wa chumba cha upasuaji, Mbeya*

Hesabu walioingia kwa dharura kila siku kwa wiki 8, kisha walioingia kwa upasuaji uliopangwa. Eugene Litvak na wenzake wa Boston walionyesha kwamba mara nyingi wanaopangwa ndio wanaopanda na kushuka zaidi ya dharura. Dharura za ajali na tumbo huja kwa wingi unaokaribiana wiki hadi wiki. Ratiba ya daktari bingwa ndiyo inayoruka. Habari njema ni kwamba ratiba iko mikononi mwenu.

Panga siku ya upasuaji kwa kuangalia siku ya kutoka. Ikiwa utaratibu wenu wa tezi dume ni kutoa mpira wa mkojo siku ya 5, aliyepasuliwa Jumanne mpira wake unaangukia Jumapili, na hakuna wa kuutoa mpaka Jumatatu. Mpeleke Jumatano. Ngiri na mabusha, wanaotoka kesho yake, ndio wafanyiwe Jumanne na Alhamisi.

Halafu kuna siku zinazopotea kabla ya kisu. Mgonjwa analazwa Jumatatu apasuliwe Jumatano kwa sababu wakati huo ndipo wingi wa damu, kundi la damu na presha vinaangaliwa. Vifanywe kliniki wiki moja kabla, na ndugu wachangie damu siku hiyo. Alazwe jioni ya kuamkia upasuaji, akiwa na maelekezo ya kufunga kwa maandishi: chakula kigumu mwisho muda wa saa 6 kabla ya upasuaji, maji matupu hadi muda wa saa 2 kabla. "Asile chochote kuanzia usiku" bila saa ndiyo inayoleta anayekunywa chai ya maziwa alfajiri na kuahirishwa, na pia mzee anayekaa bila tone la maji hadi saa 9 alasiri. Kila anayeahirishwa, andika sababu kwa neno moja: presha, damu, chakula, vifaa, muda, daktari. Baada ya mwezi mtajua pa kugusa.

Miongozo hii inatugeuza mashine. Nimesoma miaka mingi ili nimtazame mgonjwa, nisijaze visanduku.
*Daktari, Arusha*

Daktari, hofu yako ina msingi, ila iangalie tofauti inayobaki pasipo mwongozo. John Wennberg na Alan Gittelsohn walichapisha mwaka 1973 takwimu za jimbo la Vermont, Marekani: kiwango cha watoto kukatwa tonsili kilitofautiana sana kati ya maeneo jirani yenye watu wanaofanana. Mtoto alipoteza tonsili zake kutegemea anaishi mji upi. Sidhani kuna anayeita hiyo hekima ya kitabibu.

Mbinu tunayoiamini ni ile iliyokuzwa Utah katika hospitali za Intermountain chini ya Brent James. Mwongozo unaandikwa na madaktari wa wodi wenyewe, wakijua tangu mwanzo kwamba una makosa. Unakuwa mahali pa kuanzia. Daktari anaruhusiwa, na kwa kweli anatakiwa, kuuacha pale mgonjwa wake anapokuwa tofauti, kwa sharti la kuandika mstari mmoja: nimeacha hatua hii kwa sababu hii. Mistari hiyo inakusanywa kila mwezi. Wengi wakiacha hatua ile ile kwa sababu ile ile, hatua ndiyo yenye kasoro, ibadilishwe. Akiacha mmoja peke yake kila mara bila sababu inayofanana na ya wenzake, kuna la kuzungumza naye. Ukitaka kuanza, chagua ugonjwa mmoja unaolaza watu wengi, agizo moja lisilobishaniwa sana, na muda wa miezi mitatu.

Je, tubandike ubaoni wastani wa siku za kulazwa kwa jina la kila daktari?
*Katibu wa afya, Lindi*

Hapana. Atakayeona jina lake chini ataanza kukwepa wagonjwa wazito au kuwaruhusu kabla ya wakati, na mafaili yataanza kuandikwa kwa ajili ya ubao. Mpe kila daktari namba yake mwenyewe ndani ya bahasha, ikiwa na za wenzake kwa herufi A, B, C, wagonjwa wa aina moja tu, na idadi yao isipungue 20. Ubaoni bandikeni chati ya wodi nzima, pamoja na waliorudi ndani ya siku 7 na waliofariki.